Futikamba ya Verlene

Mke wangu Verlene hakumwamini mtu kwa kipimo. Miaka kumi na tisa tuliishi ndani ya basi letu lililokuwa pia nyumba yetu. Baridi tulikaa jangwani Arizona, joto likianza tunapanda Montana, pikapu yake nyekundu ikivutwa nyuma, magurudumu yote manne chini. Chuma cha kuvutia, kile kinachounga basi na pikapu, lazima kilale sawa. Upande wa basi ukiwa chini na wa pikapu juu, ukikanyaga breki pikapu inalipanda basi.

Verlene alipima mwisho kabisa, tangi la maji limejaa, jeki zinazoliinua basi kambini zimekunjwa. Alipiga magoti kwenye changarawe na futikamba yake. Kambini walimcheka.

"Mama Fundi, unalishonea basi suruali?"

"Ndiyo, na yako niletee. Inakuvuka."

Alikufa Januari. Wanangu wakasema niuze pikapu. Sikuuza. Usukani umelika pale alipokuwa akishika.

Aprili, siku ya kuondoka, jirani yangu Orrin alikuja bila kuitwa. Akapima basi likiwa bado limeinuliwa na jeki.

"Sawasawa kabisa. Hiki kipande cha kupandishia chuma upande wa basi cha nini? Kitoe, mzee."

"Verlene alikitumia."

"Verlene alikuwa mwoga, Mungu amrehemu. Leo amepima mwanamume."

Nikakitoa. Nikajaza maji, nikakunja jeki, basi likashuka. Tulipofunga, chuma kilikuwa kimeinama upande wa basi. Nilikiona kwa macho yangu. Orrin akapiga bampa.

"Kawaida hiyo! Nenda!"

Maili sita tu. Punda mwitu akakatiza barabara, nikakanyaga breki. Pikapu ikapanda. Boneti ikakunjamana kwenye mgongo wa basi, maji ya rejeta yakamwagika lamini.

Nilimpigia simu Orrin, akaja.

"Pole, mzee. Punda hawa balaa."

"Si punda."

"Nani sasa?"

"Wewe. Ulipima gari likiwa juu ya jeki. Na mimi nilikuacha umwite mwoga, naye hayupo kukujibu."

Akaanza kucheka. Akaniona uso, akaacha.

"Mzee, nilitaka kusaidia tu."

"Ondoka."

Nimerudi kambini; fundi wa magari anasema pikapu itachukua wiki tatu. Wenzetu karibu wote wamekwenda kaskazini, hapa mchana mlango wa basi unaunguza mkono. Nimekirudisha kipande cha Verlene. Tangi limejaa, jeki zimekunjwa. Kila asubuhi napiga magoti na futikamba yake, napima. Magoti yanauma. Napima tena.

Orrin bado yupo. Juzi alinipungia mkono.

Sikuinua kichwa.