Fungu la Sukuma la Mama Wambui

Siku yangu ya kwanza kazini Nakuru, bosi wangu, Afisa wa Udongo, alinikabidhi chuma cha kuchimbia na ndoo ya plastiki. Nikauliza kwa nini isiwe ya mabati, iliyo imara. Akanieleza kwamba mabati huacha zinki yake kwenye udongo, kisha unamsingizia mkulima bure. Halafu akanipa sheria yake mwenyewe.

"Mkulima akikupa mboga, beba. Ukikataa, umemwambia shamba lake ni baya."

Basi nikabeba. Molo viazi, Bahati mahindi mabichi. Tulizunguka shamba tukichimba hapa na pale, tukachanganya udongo kwenye ndoo, kidogo kikaenda maabara. Magoti yaliuma, lakini jamani, kazi ile niliipenda! Nyinyi vijana mnaotumiwa majibu kwa simu hamjui raha ya kufika nyumbani na viazi vya Molo.

Pembeni mwa mji kulikuwa na Mama Wambui. Sukuma wiki yake ilimea vizuri kando ya ukuta wa karakana iliyofungwa, ambako zamani waliyeyusha betri za magari. Aliuza kidogo, nyingine ikalisha wajukuu. Kila nikipita alinifungia fungu, nami nikala na familia yangu.

Afisa ndiye aliyetaka tupime risasi pale. Hayo ni madini mazito ya betri. Huyaoni wala huyanusi, na huumiza watoto zaidi. Majibu yalikuja mabaya. Akanituma mimi, kwa kuwa mama alikuwa amenizoea.

Nilimkuta ameshafunga fungu langu. Mikono nikaiweka nyuma.

"Leo siwezi, Mama."

Akalitazama fungu, akautazama ule ukuta.

"Hujawahi kukataa mboga yangu," akasema polepole. "Na watoto walikula jana."

Nililia njiani, sioni haya kusema. Watoto walipimwa damu; yule mdogo alitibiwa muda mrefu hadi akapata nafuu. Shamba likapandwa miti. Mama akaanza kupanda sukuma kwenye magunia yenye udongo wa Bahati. Nilipopita alinipa chai tu, mboga hakunipa tena, nami sikuthubutu kuuliza.

Siku ya kuniaga kazini wakubwa walihutubu sana. Sikumbuki hata neno. Namkumbuka Mama Wambui akipita katikati ya viti, ameshika fungu la sukuma.

"Ni ya magunia. Nimepeleka udongo ukapimwa," akasema. "Sasa beba."

Nikalipokea kwa mikono miwili.