Inchi ya Pindo

Walimwita Bi Futi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, tena zuri, lakini jina linataka mtu wa kulitamka, na tangu mumewe atangulie hakubaki wa kulitamka ndani ya nyumba ile. Hilo la Bi Futi alipewa na wenzake kiwandani, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni. Hata siku ya mazishi ya mume aliikuta imejikunja mfukoni mwa koti, kama mtoto aliyekataa kuachwa.

Miaka thelathini na minne alishona sare za wauguzi katika nchi ya watu. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, wakampigia makofi. Akarudi nyumbani kwake, hukohuko ugenini, akaitundika, akakaa. Ndipo alipojua kwamba nyumba yake ilikuwa na msemaji mmoja tu, nayo ni ile saa.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kulala, sebule ya kupishana kwa ubavu, na jiko ambalo ukifungua oveni huna pa kusimama. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyebaki kwao, alikuwa na jibu lilelile kila akialikwa.

"Nikija nitalala wapi, Dada? Kwenye kabati la vyombo?"

Hucheka wote. Kisha mdogo mtu huongeza, "Lakini nitakuja. Karibuni." Karibuni hiyo sasa ilikuwa na umri wa kuolewa.

Basi Bi Futi akainua macho. Juu ya dari, chini ya paa, palikuwa na nafasi tele, imekaliwa na vumbi, masanduku mawili na redio ya marehemu. Akasema moyoni: leo namnyang'anya yule mwanamke kisingizio. Namjengea chumba, nione atasema nini.

Akatafuta fundi seremala, mtu wa lugha yake, mwenye kipara na penseli sikioni. Fundi akatoa chuma chake cha kupimia, Bi Futi akamzuia kwa mkono.

"Rudisha mfukoni. Mimi nimepima mabega ya watu wewe hujajua kushika nyundo."

Akapanda mwenyewe, akapima kila boriti, akaandika vipimo kwa mwandiko wake wa darasa la saba, ulionyooka kuliko wa wasomi wengi. Mbao zikakatwa dukani, zikaletwa. Kitanda ilibidi kiundwe kulekule juu, maana kikiwa kizima hakipiti kwenye tundu la kupandia. Haukupita muda fundi akachungulia kutoka darini.

"Mama, mbao zote zimezidi inchi moja."

"Najua. Ya kukunjia hiyo."

"Kukunjia nini?"

"Pindo."

Fundi akakaa kwenye kidato cha ngazi, akacheka mpaka penseli ikadondoka. "Mama yangu, mbao haina pindo!"

Bi Futi hakucheka. "Nguo zangu zimevaliwa na hospitali nzima, na hakuna aliyebanwa. Kata, fundi. Kupunguza ni rahisi, kuongeza ndiyo kazi."

Jioni alimsimulia mdogo wake habari za pindo kwenye simu, naye kule akacheka kama fundi.

Wiki zile saa haikusikika. Kulikuwa na msumeno, nyundo, na vikombe viwili mezani badala ya kimoja. Dirisha likatobolewa kwenye paa, kuta zikapigwa mbao, ngazi ikakazwa. Kazi ilipokwisha, Bi Futi akakumbuka rafu. Rafu ilipokwisha akakumbuka msumari wa kutundikia koti. Kesho yake, mwingine.

"Mama," fundi akasema, "huu wa sita. Huyo mgeni ana makoti mangapi? Na anakuja lini lakini?"

"Karibuni."

"Karibuni ya siku, au karibuni ya mlangoni?"

Bi Futi akammiminia chai. Fundi akaielewa chai, akanywa polepole, akaondoka na kisanduku chake. Saa ikaanza tena kusema.

Asubuhi iliyofuata alitandika shuka alizoshona mwenyewe, akapanda na simu yenye picha, akamwonyesha mdogo wake dirisha, rafu, misumari sita.

"Umeona? Sasa sema utalala wapi."

Mdogo wake alitazama muda mrefu. "Dada, hapo ulipopitia ni nini?"

"Ngazi."

"Vidato vingapi?"

"Kumi na kimoja."



"Dada, magoti yangu. Siku hizi hata sokoni natuma mtu."

Bi Futi akakaa kitandani. Alipima boriti, alipima dirisha, alipima mpaka kivuli cha taa. Lakini mtu aliyempimia kichwani alikuwa yule msichana aliyeagana naye, mwizi wa mapera wa kuruka kuta za jirani. Alikuwa amemshonea mtu ambaye hayupo tena. Ilikuwa rahisi kusema basi, usijali, kisha akate simu bila chozi kuonekana. Hayo aliyaweza tangu zamani.

"Juu nitalala mimi," akasema. "Wewe utalala chini, kitandani kwangu."

"Nikutoe kitandani kwako? Mimi ndiye mgeni."

"Mgeni ni mimi, mdogo wangu. Mwaka wa thelathini na tano huu."

Kule upande wa pili mtu alivuta pumzi. Bi Futi akasubiri ile karibuni.

"Choo kiko wapi?"

"Chini, kinatazamana na chumba."

"Mlango wake una upana gani?"

"Wa choo?"

"Wa choo, Dada! Tangu uondoke sijaacha kunenepa. Nenda kapime."

Akashuka vidato kumi na kimoja, akaivua futi shingoni, akapima.

"Inchi ishirini na saba."

"Hizo za kweli, au umetia na ya pindo?"

Bi Futi akaitazama tena futi.

"Ishirini na sita," akakiri.

"Nitapita," mdogo wake akasema. "Kwa ubavu."

Simu ilipokatika, Bi Futi alichukua mto wake chumbani, akaukumbatia kwapani, akaanza kupanda.