Mrithi wa Kiti cha Kreni

Kazini walimwita Mrithi, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kuazima. Baba yake aliendesha kreni maisha yake yote, akainua nusu ya maghorofa ya mji, akafa na heshima zake. Kabla machozi ya msiba hayajakauka, bosi alikuja kutoa pole, akamshika kijana mkono na kumwambia mama yake mbele ya wageni, "Usihangaike, mama. Kiti cha mzee ni cha mwanawe." Mama akalia upya, safari hii kwa furaha. Sasa nani angethubutu kusema hapo kwamba huyo mwanawe akipanda juu ya meza kubadili balbu, magoti humcheza?

Akapelekwa kusomea, akafaulu, maana mikono yake ilikuwa hodari. Balaa lilikuwa ngazi. Kila asubuhi aliwahi kabla ya wenzake, wasije wakamwona anavyoikumbatia, macho kayafumba nusu, akimtaja Mungu kila kipago. Akishaingia kibandani juu, hashuki tena mpaka jioni, kwa sababu kushuka kulimtisha kuliko kupanda. Hata chakula alikivuta kwa kamba.

Huko chini, watu walibishana wakila.

"Damu hiyo," alisema fundi wa nondo. "Yule kazaliwa na kreni."

"Damu gani? Bidii!" alijibu mwashi mmoja. "Ulishamwona akishuka kuvuta sigara kama wewe?"

Hakuna aliyetaja woga. Siwalaumu, nani humtafuta mwoga kule juu?

Aliyehisi alikuwa mmoja tu, yule waliyemwita Mikono, aliyesimama chini kutwa akimwongoza kwa ishara na redio ya mawasiliano. Mikono naye alisomea kreni, jioni baada ya kazi, kwa jasho lake mwenyewe, na alifaulu vizuri. Alipoomba kiti, bosi alimuuliza baba yake alikuwa nani. Alikuwa mchimba mitaro. Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi siku moja fungu la nondo lilikuwa hewani, upepo ukalipiga kwa ghafla, likaanza kuyumba kuelekea jukwaa la waashi. Mrithi alichungulia, akaona vichwa vya watu, mwili ukamfa ganzi. Mkono uko kwenye kishikio, hauendi wala haurudi. Alijua sasa anaua.

"Mrithi," redio ikasema taratibu. "Vuta pumzi, ndugu yangu. Macho yako ni mimi. Rudisha kushoto kidogo. Hapo hapo. Ngoja litulie. Ngoja kwanza. Haya, shusha."

Akatii neno kwa neno. Nondo zikatua mchangani kwa kishindo, na waashi waliokuwa wamelala kifudifudi wakaanza kujipapasa wazima.

Alishuka akiikumbatia ngazi, lakini alikuwa amekata shauri. Leo kiti anakirudisha, mama alie asilie. Chini akamkuta bosi keshafika, anamfokea Mikono.

"Ishara gani hizo? Ulitaka kuniulia watu! Bahati yako juu kulikuwa na mtoto wa mzee."

"Hapana, bosi," Mrithi alisema. "Ni mimi. Niliganda. Naogopa huko juu, naogopa tangu siku ya kwanza. Huyu ndiye aliyetuokoa. Kiti mpe yeye."

Bosi akamkumbatia, machozi yakimlengalenga.

"Mnaona? Baba yake kabisa! Marehemu naye hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake apate lawama."

Waashi wakapiga makofi.

"Bosi, nasema kweli."

"Nenda kapumzike, mwanangu. Kesho uniwahi."

Mikono alivua redio shingoni, akaiweka kwenye kiganja ambacho bosi alikuwa amekwisha kukinyoosha.

Nyumbani habari zilimtangulia. Sebule imejaa majirani, na mama anasimulia ushujaa wa mwanawe utadhani alikuwepo. Akamwita akae karibu naye, akamfuta vumbi usoni kwa kanga yake. Mrithi alifungua kinywa, akamtazama mama, akakifunga. Na msije mkamtetea kwamba hakuwa na la kufanya. Kiti alizaliwa nacho, sawa, lakini kunyamaza kule alikuchagua mwenyewe, na alijua anachokifanya, kwa sababu usiku kucha hakupata lepe la usingizi.

Asubuhi akapanda. Upepo ulikuwa bado unavuma, na kibanda kizima kikilia. Redio ikakoroma, ikatoka sauti asiyoijua, changa na yenye furaha.

"Shikamoo, kaka! Mimi mpwa wa bosi, ndiyo naanza leo. Hizi ishara utanielekeza pole pole, eh?"

Mrithi alijilazimisha kuchungulia. Jukwaani, katikati ya waashi, Mikono alikuwa amebeba ndoo ya zege begani, kasimama pale pale mzigo utakapopita. Alikuwa ameinua uso, anamtazama.

"Haya, kaka," sauti ikasema. "Nadhani pako sawa. Inua tu."