Programu Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Kila nikiikumbuka ile programu naona kinyaa. Kazi yake ilikuwa kuiga mvua na udongo wa Simiyu nzima, ituambie pamba ipandwe lini. Niliikuta kwenye ofisi ya mradi wetu, Somanda, ikichukua siku tisa kutoa jibu. Siku tisa! Jibu lilikuwa likifika, wakulima wameshapanda.

Nikaifungua nione inakwama wapi. Ilikuwa inasoma jedwali kwa wima, wakati kwenye kumbukumbu ya kompyuta namba zimepangwa kwa mlalo. Prosesa inaletewa namba nane kwa mkupuo, inatumia moja, saba inazitupa, halafu inazifuata tena. Ni kama mtu anayechuma tunda moja la pamba, analipeleka ghalani, ndipo anarudi kwa la pili. Tena prosesa ingeweza kufanya kazi nane kwa wakati mmoja, lakini ilipewa moja tu. Aliyeandika uchafu ule alikuwa na shahada mbili.

Nikageuza mpangilio wa kusoma, nikaigawa kazi mafungu manane, nikalinganisha majibu na ya zamani mpaka yakafanana. Siku tisa zikawa dakika arobaini. Jibu la msimu ule lilisema mvua ya kwanza itadanganya, watu wasubiri ya pili.

Nikampelekea mkuu wetu mbiombio. Akafurahi, kisha akasema jibu lisitoke mlangoni mpaka lizinduliwe. Mgeni rasmi angekuja baada ya wiki mbili, na keki ilikuwa imeshaagizwa.

"Mkuu, mvua itanyesha kabla."

"Sasa mgeni rasmi azindue kitu ambacho watu wanacho tayari? Ukilivujisha, kazi huna."

Nikaufyata. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomchukia yeye. Mvua ikanyesha, na mama yangu kule Zagayu akapanda ekari zake zote tatu, mbegu yote aliyokuwa nayo. Pamba ikaota, jua likaikausha.

Siku ya uzinduzi wakulima waliletwa kupiga makofi, mama akiwemo, akakaa karibu yangu. Mkuu akajisifu kwamba jibu lilipatikana kwa dakika arobaini, akataja na tarehe. Mama akanigeukia.

"Ng'wanawane, siku hiyo si ndiyo ulinipigia simu?"

"Ndiyo, mayu."

"Tukaongea mpaka habari za kuku," akasema, akageuka kupiga makofi na wenzake.