Oti Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Siri ya Dida mjini Garsen ilikuwa ikiuzwa dukani kwa Ummi, kwa kikombe. Oti, ile nafaka ya uji itokayo ng'ambo. Ummi alinunua gunia zima akidhani watu wa maofisini watazigombania. Hawakuzigombania, basi akaanza kuzipima kwa bei iliyo chini ya ile ya unga. Dida, mlinzi wa ghala la mbegu, akawa mteja wake mkubwa. Alizibeba hadi nyumbani ndani ya kofia, kama mtu aliyeiba mayai.

Kula oti si dhambi. Lakini Dida ni Muorma, watu wa ng'ombe na maziwa, na Muorma anayekula uji wa maji matupu hapendi watu wajue. Ukame ulimmalizia ng'ombe wake wote, na tangu hapo aliwaambia majirani kwamba dada yake wa Chewele humletea maziwa. Dada mwenyewe, maskini, alikuwa akinywa chai ya rangi.

Mapishi yake lakini yasifiwe. Aliziloweka oti tangu alfajiri zisije zikamlia makaa mengi, akazichemsha kidogo tu, akaponda ndizi mbivu ya Kulesa badala ya sukari. Kisha alikifukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, moshi ukolee vizuri, akamimina humo uji mwepesi, akafumba macho na kunywa.

"Unadanganya nani?" Madina, mkewe, alimuuliza.

"Tumbo."

"Tumbo ilijua zamani. Umebaki wewe."

Ndipo zikaja habari za Wario, binamu yake mkubwa, ambaye ng'ombe wake walinusurika huko Chara. Kwa desturi yao, mwenye mifugo humwazima jamaa asiye na maziwa ng'ombe wa kukamua, pamoja na ndama wake. Wario alikuwa na mmoja wa kuazima, na wahitaji wawili: Dida, na Jibril aliyekuwa angalau na mbuzi watatu.

"Leo sema ukweli," Madina alimwambia asubuhi ya siku ambayo Wario alikuwa aje kuwatembelea. Dida alikubali kwa moyo wote.

Moyo huo ulidumu mpaka Wario alipoketi mkekani na majirani wawili wakaingia kumwamkia.

"Nasikia dada yako analeta maziwa," Wario alisema.

"Analeta sana," Dida alijibu, kabla hajafikiri. Na kwa kuwa mgeni hakosi maziwa katika nyumba yenye maziwa, ikabidi akilete kibuyu. Madina alitazama paa.

Wario alikunywa taratibu, akafuta masharubu. "Hii maziwa ni nzito."

"Ni nyasi ya Chewele." Nani alimtuma aongeze hilo?

"Basi nashukuru Mungu. Ng'ombe nitapeleka kwa Jibril." Wario akainuka, akaenda mlangoni, akaanza kuvaa viatu.

Dida alimtazama akifunga kamba za kiatu cha kwanza. Aliwaza chai ya Madina isiyo na maziwa, mwaka wa pili sasa, na yeye mwanamume mzima amekaa hapo akiulinda uongo wake kama anavyolinda ghala. Aliona haya. Majirani hawakuonyesha dalili ya kuondoka. Wario akashika kiatu cha pili.

"Wario."

"Naam."

"Hiyo si maziwa. Ni oti. Mimi sina maziwa tangu ukame."

Jirani mmoja akakohoa. Wario hakucheka.

"Mimi najua," alisema. "Nimekunywa maziwa miaka sitini."

"Sasa mbona ulikuwa unaenda?"

"Ng'ombe siwezi kuacha kwa mtu anasema ana maziwa. Watu wa ukoo wataniuliza." Akavua kiatu alichokwisha kukifunga, akarudi mkekani. "Lakini viatu nilivaa polepole. Wewe ndiye ulichelewa."

Dida alijifuta macho kwa ncha ya kikoi, mbele ya majirani wote wawili, na Madina akatoka kutafuta kamba ya ndama.