Jogoo Niliyemwacha Madhabahuni

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na sioni aibu kusema. Nyumba yangu ya mawe kule Njiru niliijenga kwa akala, vile viatu vya tairi kuukuu, ambavyo nimekata katika soko la Kariokor tangu nikiwa sina hata ndevu. Neno la Mungu nalisoma kwa kidole, polepole, na nikishalisoma nataka kulifanya. Wasomi wetu wa kanisani hulieleza mpaka mtu anasahau kwamba aliambiwa afanye kitu.

Jumapili ya mavuno mwaka jana nilibeba jogoo. Kanisa letu liko estate ya zamani karibu na soko, na siku hiyo kila mtu huleta alichonacho, ndizi, unga, kuku. Vinapelekwa mbele kuombewa, kisha vinanadiwa uani baada ya ibada. Jogoo wangu alikuwa mkubwa na nilitaka watu wamwone. Nimekaa naye mapajani, miguu imefungwa kamba, mhubiri akasoma pale Yesu anaposema kwamba ukileta sadaka, na hapo ukumbuke ndugu yako ana neno nawe, uiache sadaka, uende mpatane kwanza.

Hapo nikamkumbuka mtu.

Jirani yangu sokoni ni Mwislamu, anashona mikanda na mikoba ya ngozi. Kati ya kibanda chake na changu kuna bati moja tu, na kwa miaka ishirini tulipitishiana chai juu ya bati hilo. Sasa tulikuwa tumemaliza miezi mitatu bila salamu. Alikuwa ameniagiza akala za baba yake, mzee wa miaka mingi. Mafundi wengine humkanyagisha mteja kwenye kipande cha boksi, wakachora mguu kwa penseli. Mimi nilijiona nimepita hapo. Naangalia mguu mara moja, nakata. Yule mzee nilimwangalia akipita tu, nikakata, na viatu vikambana mpaka vikamtoa kidonda kwenye kidole kidogo. Jirani alipokuja kuniambia, kibanda kilikuwa kimejaa wateja. Nikamjibu mbele yao, "Kiatu changu hakina shida. Mguu wa baba yako ndio mbaya."

Alinitazama, akarudi kwake. Chai ikaisha siku hiyo.

Na cha kuchekesha ni kwamba miezi hiyo yote nilikuwa nikiomba Mungu anisaidie kumsamehe yeye, eti aliniaibisha.

Basi nikasimama, nikaenda mbele, nikamfunga jogoo kwenye mguu wa meza ya sadaka. Mke wangu akanishika koti nikipita.

"Baba, unaenda wapi? Hata hawajaombea."

"Naenda kupatana na jirani."

"Si ungoje ibada iishe?"

"Yesu amesema kwanza."

Jogoo akawika nyuma yangu, kanisa zima likacheka. Sikugeuka.

Kwa miguu ni dakika kumi. Jirani alikuwa kibandani anatoboa mkanda. Aliponiona na suti alisema, bila kuinua kichwa, "Leo wamekufukuza kanisani?"

"Nimejifukuza. Bwana, nilikosea. Niliharibu kiatu, halafu nikamtukana mzee wako."

Akaendelea kutoboa. Nilidhani ataniacha nimesimama hapo mpaka jioni, na ningesimama.

"Mimi nimesikia," akasema mwishowe. "Lakini hukutukana mguu wangu. Mwenyewe yuko nyumbani Majengo. Twende ukamwambie yeye."

Hilo sikuwa nimelitarajia. Kumwomba radhi rika langu, sawa. Kwenda kwa mzee nyumbani kwake, mbele ya wakwe na wajukuu, ni kazi nyingine. Nilichukua kipande cha boksi na penseli kibandani kwake, akafunga, tukaondoka.

Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka. Nikabisha hodi, nikamwamkia, akaitikia, kisha akatazama penseli.

"Kumbe unayo!" akasema. "Nilisikia wewe una kipimo ndani ya macho."

Wanawake jikoni wakacheka. Nikapiga magoti na suti yangu ya Jumapili, nikaushika mguu wake.

"Na mguu huu bado ni mbaya?"

"Mguu ni mzuri, mzee wangu. Mdomo wangu ndio ulikuwa mbaya. Nisamehe."

Akainuka, akakanyaga boksi. "Chora. Na usinitekenye."

Walinizuia nisitoke bila kula. Nilipofika kanisani watu walikuwa wakikunja viti, jogoo ameshanunuliwa na mama mmoja wa kwaya, na mke wangu amenuna kwa sababu sikuwepo jogoo wetu akinadiwa kwa kelele. Nilimweleza nilikotoka. Akauliza mara moja, "Mzee amekubali?" Nikamwambia amekubali, na nimeshiba wali. Hapo akanuna tena, maana alikuwa amepika.

Jumatano nilimpelekea mzee akala mpya. Ijumaa alivaa kwenda msikitini, na Jumamosi jirani akagonga bati. Kikombe cha chai kikapita juu, na maneno nyuma yake.

"Baba anasema cha kushoto kiko sawa. Cha kulia kimelegea kidogo."

Ulimi uliniwasha, sitadanganya. Boksi ninalo, nimechora mwenyewe.

"Kilete," nikasema, "nikikaze."