Herufi Mbili Mkiani mwa Tone la Damu

Saa mbili asubuhi, Arlys Tveit anavua buti za theluji, anavaa ndara za sufi na kujibana kwenye kiti kilicho kati ya kompyuta na friji ya chanjo. Hajamsalimu mtu. Anatega sikio ukutani kwanza.

“Kimya,” anasema, uso umemchanua kama aliyesikia kwaya. “Siku njema hii.”

Nyuma ya ukuta huo ndiko zahanati hii ya mashambani, North Dakota, inakopimia damu. Arlys, 58, huandika madai ya malipo yanayopelekwa bima. Mwaka wa kumi na tisa huu anageuza vikohozi, majipu na mikojo ya watu kuwa namba. Analipwa dola 21 kwa saa, na kahawa ni bure. “Ukiionja utajua kwa nini,” anasema.

Kila kipimo kina namba yake. Vipo ambavyo namba hiyo hufuatwa na herufi mbili, QW. Hizo huiambia bima ya serikali kwa wazee: kipimo hiki ni chepesi, hata zahanati isiyo na maabara kamili imeruhusiwa kukifanya. Zikikosekana, dai linarudi. Zikiwekwa pasipostahili, umesema uongo.

“Watu wanadhani mimi nachapa,” anasema Arlys. “Mimi naapa. Naapa kutwa nzima, na mchungaji hajawahi kuniuliza.”

Zamani damu ya kupima figo ilisafiri maili themanini hadi mjini, na jibu likarudi lilipojisikia. Siku hizi kimashine kinachotosha juu ya kabati kinakunywa matone machache, na kahawa haijapoa kimeshajibu. Arlys bado huinuka kwenda kukitazama.

“Mpaka leo nywele zinanisimama,” anasema. “Mume wangu ana trekta lenye bei ya nyumba, na halijawahi kuniambia lolote kuhusu figo zangu.”

Novemba iliyopita, ukuta ulianza kunguruma. Arlys alidhani ni friji. Wiki ya tatu akaenda kuchungulia, akamkuta muuguzi mpya, Leif Gunderson, jitu la futi sita na nusu kutoka hospitali kubwa, akizungusha damu kwenye mashine ili atenge majimaji yake kabla ya kupima.

“We Leif, unafanya nini?”

“Naichuja, Arlys. Kule tulikuwa hatupimi hivihivi.”

“Damu nzima, Leif! Hiki ni kipimo chepesi kwa damu nzima tu, kama ilivyotoka mkononi. Ukiizungusha si chepesi tena, na cheti chetu ni cha vile vyepesi.”

“Yaani kosa langu ni kufanya kazi vizuri mno?”

“Ndiyo. Koma.”

Tatizo ni kwamba madai ya wiki zote hizo yalikwishaondoka na zile herufi mbili. Daktari Maren Opdahl, mwenye zahanati, alipoambiwa alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Wakijitaja kwa ofisi ya jimbo, huenda cheti kikachukuliwa, na kila mgonjwa aende mjini kupimwa, tena msimu wa barafu.

Osvald Brekke, 81, mkulima mstaafu wa ngano, anakunywa dawa za moyo zinazotaka damu yake iangaliwe kila mwezi. Habari ilimfikia kabla hajavua kofia.

“Nyamazeni tu,” alishauri. “Mimi nimeuza ngano yenye panya, na hakuna aliyekufa.”

“Osvald, dai mojawapo lina jina lako.”

“Basi andika la jirani.”

Arlys hakuandika la jirani. Kwa idhini ya daktari aliieleza ofisi ya jimbo kosa lote, akayaondoa madai yale, na wagonjwa wakaitwa kupimwa upya bila malipo. Kisha wakangoja.

“Nilikuwa namwona Osvald kwenye lori lake, barabara imeganda kama kioo,” anasema. “Namwona anateleza, na sababu ni mdomo wangu.”

Wiki iliyopita alifika mkaguzi, mama mkimya aliyemaliza kahawa yote, jambo lililowatisha zaidi. Alimtaka Leif apime mbele ya macho yake. Leif akapima damu nzima, jasho likimtiririka. Cheti kikabaki.

Asubuhi hii Osvald amekunja mkono wa shati. Leif anamtoa damu, anadondosha matone, anafunga kifuniko. Arlys amesimama mlangoni. Wote watatu wanakikodolea kimashine macho kama watu walio nje ya chumba cha uzazi.

Jibu linatoka. Potasiamu, chumvi ya damu inayoweza kusimamisha moyo ikizidi, imepanda, na imepanda sana. Daktari anaitwa mbio, anapima mapigo ya moyo, anasimamisha kidonge kimoja papo hapo.

“Ningengoja kwenda mjini,” anasema Osvald taratibu, “ningekwenda Ijumaa.”

“Na Ijumaa ungekuwa wapi?” anauliza Leif.

“Kanisani. Nimelala, mmenivalisha ile suti inayonibana.”

Arlys hacheki. Anarudi kitini, anaandika namba, kisha Q, kisha W, polepole.

Mwakani anataka zahanati ianze kupima madini ya risasi kwenye damu ya watoto, maana nyumba nyingi za mashamba haya zina rangi ya kale yenye risasi, nayo inabanduka. Nacho ni kipimo chepesi, cha tone la kidole. Daktari ameshakubali, kilichobaki ni mashine.

“Mtoto atalia kidogo, apewe biskuti, arudi nyumbani mama yake akijua,” anasema. “Nami nitaapa kwa ajili yake.”